UZI: Nani hasa anaamua mtoto wa Silibwet asome kompyuta?

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano wa hadhara hapa Silibwet, karibu na soko. Gari la vipaza sauti, muziki, watu juu ya bodaboda, mnajua mambo ya mikutano. Mgombea mmoja akashika maikrofoni akasema akichaguliwa 2027 ataleta "chuo kikuu cha kompyuta" hapa hapa mjini, na kila mtoto wa mkulima wa chai atasoma kozi hiyo bure. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, siwadanganyi.

Usiku huo mpinzani wake akajibu mtandaoni kwamba nafasi za chuo ziko tele, ni watoto wetu tu hawajazi fomu vizuri. Tangu hapo vijana wa pande zote mbili wanatukanana na hakuna anayeeleza kitu.

Wanaonifuata wanajua kawaida yangu. Sitaji jina la mtu wala la chama, naeleza jambo lenyewe. Hili linanigusa pia kwa sababu nina saiba hapa Silibwet, na matokeo ya KCSE yakitoka mimi ndiye hukaa na watoto wa hapa kuwajazia maombi ya KUCCPS. Nimeona nyuso nyingi mbele ya skrini hiyo. Mwaka jana mmoja wao alikuwa binti ya dada yangu, na nitawaambia nilivyomkosea.

Tuanze na ahadi ya chuo, maana hiyo ni rahisi kuimaliza.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Vyuo vikuu viko upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya kijijini na malezi ya watoto wadogo. Kwa hivyo anayetaka ugavana au kiti cha MCA akikuahidi chuo kikuu, anakuahidi ng'ombe wa jirani. Mbunge anaweza kupiga debe na kusukuma mambo Nairobi, lakini hatii sahihi. Kibali cha chuo, na kibali cha kila kozi ndani ya chuo, kinapitia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile CUE, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012.

Na chuo si kitu tulichokosa. Bomet mjini, safari fupi ya matatu kutoka hapa, kuna chuo kilichoanzishwa 2017 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Upande wa Kericho kuna Kabianga, kilichopata hati yake 2013. Hata jengo lingine likisimama Silibwet kesho, mtoto wa Silibwet hapewi nafasi humo kwa sababu amezaliwa karibu na geti. Anapangiwa na KUCCPS, sawasawa na mtoto wa Mandera au wa Kwale.

Sasa tuingie kwa huyo wa pili aliyesema nafasi ziko tele.

KUCCPS ilizaliwa na sheria hiyo hiyo ya 2012, ikachukua kazi ya JAB. Wazazi wetu waliosoma enzi ya JAB wanakumbuka kwamba kipimo kikubwa kilikuwa vitanda. Vitanda bwenini vikiisha, nafasi zimeisha, na mtu angeweza kukaa nyumbani akichuma chai karibu miaka miwili akingoja zamu yake. Siku hizi chuo kinatangaza uwezo wake kwa kila kozi, kisha KUCCPS inajaza kulingana na alama na chaguo la mwanafunzi.

Mwaka 2017 waliopata C+ na zaidi walikuwa elfu 70 hivi nchi nzima. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 246,000. Wote hao kisheria wanaweza kwenda chuo kikuu. Kwa hesabu ya jumla nafasi huwa zinapatikana, hapo mheshimiwa hajakosea. Lakini nafasi hazilingani kama magunia ya viazi sokoni. Kila mwaka kuna kozi zinazokosa hata mwombaji mmoja, huku uuguzi, udaktari na kompyuta zikifurika. Ukimwambia mtoto aliyetaka kuandika programu kwamba nafasi ipo, na nafasi yenyewe ni ya kozi ambayo hajawahi kuisikia, umempa takwimu tu.

Halafu "kompyuta" yenyewe ni nini? Hapa saibani naulizwa hivyo kila wiki. Kwenye orodha kuna Sayansi ya Kompyuta, kuna Teknolojia ya Habari, kuna Uhandisi wa Programu, kuna Hisabati na Kompyuta, kuna Teknolojia ya Habari ya Biashara. Mzazi anaona neno kompyuta anasema weka hiyo. Lakini si kitu kimoja. Vyama vya kimataifa vya taaluma hii, ACM na IEEE, vilishatenganisha fani tano katika mwongozo wao wa 2005: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Moja inakuzamisha kwenye hisabati miaka minne, nyingine inakufundisha kuendesha mitambo ya ofisi na mtandao wake. Nimeona msichana anaenda kusoma Sayansi ya Kompyuta akidhani atafundishwa kutengeneza laptopu.

Sehemu inayowashinda wengi ni alama za klasta, kwa hivyo hapo tukae kidogo.

Kila kozi ina masomo yake manne ya klasta. Kozi nyingi za Sayansi ya Kompyuta zinatanguliza Hisabati na Fizikia. Yale masomo manne yana jumla ya pointi 48, yaani A nne za pointi 12. Masomo saba ya wastani wako yana 84. Wanachukua sehemu yako ya 48, wanaizidisha na sehemu yako ya 84, wanatafuta kipeo cha pili, kisha wanazidisha na 48. Hesabu kamili ya KUCCPS inachimba hadi alama za ndani za kila somo, lakini kwa mfano hii inatosha.

Chukua wanafunzi wawili wa shule moja, wote wana pointi 70 kwa 84, yaani B+ safi. Wa kwanza ana 40 katika masomo ya klasta ya kompyuta. Anapata 40 kamili. Wa pili alifanya vizuri kwingine, lakini katika klasta ana 34: Hisabati C+, Fizikia B-, mengine B na B+. Anapata 36.9. Cheti kinasema B+ na B+. Kijijini wamechinjiwa mbuzi wote wawili. Lakini kozi ikifungwa kwa 38, mmoja ameingia na mwingine yuko nje, na babake atakwambia hii serikali ina ubaguzi, kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Na hao ni wale waliofanya Fizikia.

Hapa ndipo ningependa wagombea wote wawili wasimame kwanza. Katika 8-4-4, mwanafunzi anachagua masomo anapoingia Kidato cha Tatu. Somo la sayansi linaloachwa na wengi ni Fizikia. Katika shule za kutwa za huku kwetu, mara nyingi hata si mtoto anayeiacha, ni shule. Mwalimu mmoja wa Fizikia, au hakuna, au yupo wa kulipwa na bodi anayeondoka muhula ukiisha. Mwalimu mkuu anafanya hesabu yake: wastani wa shule utashuka, afadhali Biolojia na Kemia. Simlaumu sana. Lakini siku hiyo, mtoto akiwa na miaka kumi na sita, mlango wa kozi nyingi za Sayansi ya Kompyuta umefungwa kimyakimya, na hakuna mwanasiasa aliyekuwepo. Atagundua miaka miwili baadaye, hapa kwangu, nikibonyeza kozi na mtandao unaniambia hajatimiza masharti ya somo. Baadhi ya kozi za teknolojia ya habari na za upande wa biashara zinakubali somo lingine badala ya Fizikia, na hizo ndizo huwatafutia. Wengine hushukuru. Wengine hulia kidogo, wanaomba nizime skrini.

Sasa mfumo wa CBE unaleta mlango huo karibu zaidi. Kuanzia Januari 2026 kundi la kwanza liko Gredi ya 10, na mtoto anachagua njia yake kabla hajaingia huko: STEM, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani ni 2027. Kundi la kwanza la CBE litafika chuo kikuu 2029.

Hebu piga hesabu na mgombea wetu. Akiapishwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, wale wa 2029 watakuwa tayari Gredi ya 11, masomo wameshachagua. Wanaowafuata watakuwa Gredi ya 10, nao wamechagua. Wa kwanza ambao anaweza kuwaathiri kwa lolote, kwa mwalimu au maabara, ni walio Gredi ya 9 mwaka huo. Hao wanaingia chuo kikuu 2031, muhula wake ukielekea kuisha. Na kumlipa mwalimu wa sekondari ni kazi ya TSC, ambayo nayo ni ya kitaifa. Kwa hivyo mtu akikwambia "nikiingia tu, watoto wenu watasoma kompyuta," muulize ni watoto wa gredi gani.

Tuje kwa pesa, maana neno lililopigiwa makofi zaidi Jumamosi lilikuwa "bure".

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa Sh16,000 kwa mwaka kama karo, awe wa udaktari au wa historia. Mei 2023 ukaja mpango mpya wa ufadhili. Sasa KUCCPS kukupangia kozi ni jambo moja, na kulipiwa ni jambo lingine kabisa, na maombi yake yako kwenye tovuti nyingine. Watu wengi bado hawajaelewa hili. Mzazi anakuja na barua ya chuo ameifunga kwa nailoni, anafurahi, ananiambia mtoto amechukuliwa na serikali. Namuuliza, umeomba ufadhili? Ananiangalia tu.

Mwaka 2024 zilitangazwa bendi tano. Bendi ya 1 unapata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia inatoa 5. Bendi ya 5 ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Chukua kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, namba nimechagua tu ili hesabu iwe nyepesi. Familia ya bendi ya 1 inatoa Sh10,000. Ya bendi ya 5 inatoa Sh80,000. Darasa ni moja, mhadhiri ni mmoja, na tofauti yote imetokana na ulichojibu kwenye maswali ya mapato, ukubwa wa familia, wazazi na kadhalika.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Agosti 2025 ikatangazwa karo zinapunguzwa kuanzia Septemba. Kwa hivyo msichukue asilimia zangu kama msahafu, angalieni barua ya mwaka wenu. Lakini wazo la msingi, kwamba unalipa kulingana na unavyoonekana kwenye fomu, ndilo linalobishaniwa, na mgombea anayesema "bure" anapaswa kutuambia anataka turudi Sh16,000 kwa wote, au anataka bendi zibaki na zirekebishwe, au nini. Hayo ni mambo mawili matatu tofauti na kila moja lina bei yake.

Basari ya kaunti nayo ina maneno. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe pesa kwa kazi za serikali ya kitaifa bila makubaliano rasmi, na hapo basari za vyuo vikuu zikaingia kwenye mzozo. Mgombea ugavana akisema "nitaongeza basari," swali ni kama ana hayo makubaliano.

Sasa kosa langu. Binti ya dada yangu alifanya KCSE 2024. Alikuwa na Fizikia, shule yao ilikuwa na bahati ya mwalimu. Akapangiwa kozi ya kompyuta katika chuo kimoja cha umma, mbali. Nikamjazia fomu ya ufadhili mimi mwenyewe, saa mbili usiku, foleni ya watu nyuma yake. Palipoulizwa mapato nikaandika pesa za chai za mwaka mzima pamoja na bonasi, mahali palipotakiwa ya mwezi. Sikurudia kusoma. Matokeo yake wakaonekana kama watu wa mshahara mkubwa, na bendi ikatoka ya juu. Fomu ilisema ukweli wa kile nilichoandika.

Nawaeleza hili kwa sababu pesa ya mkulima wa chai haifanani na mshahara. Kila mwezi unapata kiasi kidogo kwa kilo ulizopeleka kituoni. Ile kubwa, bonasi, inakuja karibu Oktoba baada ya viwanda vya KTDA kufunga hesabu za mwaka ulioisha Juni. Chuo kinataka mwaka wa kwanza waripoti Agosti au Septemba. Kwa hivyo hata familia yenye uwezo wa kulipa inafika getini mwezi mmoja kabla ya pesa. Na bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya mashariki kwa muda, na ile ya 2025 ilishuka hadi watu wakaandamana. Sijasikia mgombea hata mmoja akiunganisha mambo haya mawili, tarehe ya bonasi na tarehe ya kuripoti, ingawa hapa sokoni kila mama anayajua.

Aliripoti kwa pesa ya ng'ombe mmoja. Siku chache baadaye, 17 Septemba, wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vya umma wakagoma kudai Sh7.9 bilioni za makubaliano yao ya 2017 hadi 2021. Mgomo ulichukua siku 49. Bado analipa chumba cha kukodi, hajaona darasa.

Akanipigia simu siku moja akaniuliza, "Anko, si walisema nafasi iko?"

Nilikosa jibu siku hiyo. Leo ningemwambia hivi. CUE inaidhinisha kozi. Chuo kinatangaza kina nafasi ngapi. KUCCPS inazijaza. Wenye pesa wanakuja upande mwingine na fomu yao. Kila mmoja amefanya kipande chake, na ukimuuliza mmoja wao kama nafasi yako ina mhadhiri aliyelipwa na kompyuta inayowaka, anaweza kukuelekeza kwa mwenzake bila kudanganya. Katika uhandisi angalau kuna bodi ya wahandisi inayokodoa macho kwenye kozi hizo, hadi wamefikishana kortini na vyuo. Kwa kompyuta hakuna bodi kama hiyo. Mswada wa kuwasajili wataalamu wa TEHAMA uliletwa 2016, watu wakaupinga vikali humu humu mitandaoni, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu ungemfungia nje kijana aliyejifunza mwenyewe bila digrii. Bado naona tulikuwa sahihi. Ila ina maana CUE ndiyo jicho pekee, na jicho hilo ni la taifa zima.

Kwa hivyo wakirudi na gari lao la vipaza sauti, msiwaulize chuo kitajengwa lini. Ulizeni shule ngapi za wadi hii zina mwalimu wa Fizikia leo. Ulizeni kozi ya kompyuta kwenye chuo ambacho tayari kiko Bomet ina wahadhiri wangapi wa kudumu na nafasi ngapi zilizotangazwa. Mwenye ubunge anaweza kuyauliza hayo bungeni kwa maandishi na akajibiwa. Hiyo iko ndani ya kazi yake.

Jumamosi nilijaribu kuuliza hilo la Fizikia. Maikrofoni ilinifikia, nikasema sentensi moja, kijana wa itifaki akaichukua akisema muda umeisha. Muziki ukaanza.

Mkifungua KUCCPS mwaka huu, mnaojaziwa na mtu wa saiba kama mimi, someni kila sanduku kabla hajabonyeza. Mwambie asubiri. Foleni ikikasirika, ikasirike. Na bendi ikitoka vibaya kuna mahali pa kukata rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo ya ufadhili. Sisi tulienda na barua ya chifu, karatasi za malipo ya chai za miezi sita na maelezo ya kosa langu, nikayaandika mwenyewe. Walimshusha bendi mbili, muhula wa kwanza ukiwa umeshalipwa. Dada yangu bado ananidai ng'ombe.

Maswali ya klasta leteni hapa chini, nitajibu jioni nikifunga duka. Matusi peleka kwao.